Kiti Chepesi cha Orindi na Mguu Wangu wa Kushoto

Nianze na waliokuwepo, mtu asije akasema nimetunga. Alikuwepo mume wangu Okelo. Alikuwepo baba yake, mzee Ogola, mwenye boma. Alikuwepo Akoth, dada yake Okelo, naye alikuwa amembeba mgongoni mtoto wangu wa kwanza, Atieno. Alikuwepo kaka yangu Ouma, mvuvi wa Sindo, aliyekuja kututembelea akaleta samaki na matatizo. Mbwa walikuwa wawili, Simba na Dereva. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya mti.

Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu. Nilikuwa nimeolewa Uriri, na watu wa pale waliniita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo. Nilikuwa na nguvu. Nilitoka kwenye Mto Kuja na debe la maji kichwani, Atieno mgongoni na jembe mkononi, na bado nikapata pumzi ya kugombana na Akoth njia nzima. Sikuwahi kulala hospitali hata siku moja. Watu wakiugua niliwaonea huruma, lakini moyoni nilifikiri ni wavivu kidogo.

Shida yetu ilikuwa nguruwe wa porini. Walitoka kwenye vichaka vya mto jua likishuka, wakachimba viazi vitamu vyetu kama watu walioajiriwa. Mimi na Okelo ni Wasabato, nguruwe hatuli, kwa hiyo tuliwachukia bila faida. Mzee Ogola hakuwa Msabato. Yeye aliwachukia kwa njaa.

Okelo aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu kule Sotik. Huko aliona kiti cha kupandia mti. Kina vipande viwili, cha juu cha kukalia na cha chini cha kukanyagia, na kila kimoja kina kamba inayozunguka shina. Unakaa kwenye cha juu, unavuta cha chini kwa nyayo. Unasimama kwenye cha chini, unainua cha juu. Unapanda hivyo hivyo kama kiwavi, mpaka unakaa juu na mkuki wako, na nguruwe hakusikii harufu. Okelo alikisimulia kiti hicho mpaka majirani wakaanza kupita njia nyingine.

Mwishowe akaenda kwa fundi wa Oyugis, akachongewa kimoja kwa mbao nene. Kilikuja juu ya basi, na kilipotua chini mbwa walikimbia. Kilikuwa kizito kama ndama.

Nikamuuliza, "Na nani atakibeba mpaka shambani?"

Okelo akanitazama.

"Nina debe, nina mtoto, nina jembe," nikamwambia. "Hicho utakibeba na kichwa chako mwenyewe."

"Mwanamume kubeba kiti kichwani?"

"Basi tafuta chepesi."

Ndipo Ouma akaingilia. Kaka yangu alikuwa mtu wa kusaidia hata pale ambapo hajaitwa. Akasema kwao ziwani kuna orindi, ule mti mwepesi unaoota kando ya maji, ambao wavuvi hufunga vipande vyake kwenye nyavu ili zielee. Alirudi Sindo, na wiki mbili baadaye akaja na kiti kizima cha orindi, vipande vyote viwili. Nilikiinua kwa kidole kimoja. Nikasema hiki ndicho, hakuna kutafuta zaidi.

Mzee Ogola alikuwa amekaa mbali, kama ilivyompasa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, na hata maneno hayaendi moja kwa moja. Kwa hiyo akaongea na Ouma, lakini mimi ndiye aliyetaka nisikie.

"Kijana, huo ni mti wa majini. Hapa maji yako wapi?"

"Mzee," Ouma akamjibu, "mashua yetu ilipopinduka, kipande kidogo cha orindi kilishika watu wanne. Chini yetu kulikuwa na kina ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Sasa mti wenu huo una urefu gani?"

Tukaangalia mti wa ober uliosimama mwisho wa shamba la viazi. Ulikuwa na urefu wa wanaume watatu hivi. Tukaona maneno ya Ouma yana akili. Mimi ni mtoto wa ziwa. Kitu ambacho hakijawahi kuzama tangu nizaliwe, ningejuaje kwamba kinaweza kuanguka? Ogola peke yake ndiye aliyetikisa kichwa.

Okelo hakutaka kuwa wa kwanza. "Aliyekichagua akijaribu," akasema. Alidhani nitaogopa. Jumapili asubuhi nikavaa kaptura yake ya kaki ndani ya gauni, nikajifunga leso kiunoni, nikaanza kupanda. Kusema kweli kiti kilipanda vizuri. Kaa, vuta, simama, inua. Akoth alikuwa akicheka chini mpaka Atieno anarukaruka mgongoni mwake. Nilipofika juu nikaketi. Nikaona mto, nikaona barabara, nikaona mapaa ya majirani. Nikamwambia Okelo, "Sasa niletee mkuki."

Hapo nikasikia sauti kama ya mtu anayeuma kiazi kilichochemshwa. Kamba ilikuwa inaingia ndani ya orindi. Mti ule ni laini, ukucha unauingia, na kamba ya katani ikaukata polepole mpaka ikatoka upande wa pili. Mimi nikashuka haraka kuliko nilivyopanda.

Mguu wangu wa kushoto ulipiga mzizi. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Nikatazama nikaona kitu cheupe kimetoka kwenye muundi, na damu inatoka pembeni yake. Nilijikojolea, sitaficha. Kisha kile kipande cha kukalia kikaanguka nyuma yangu kikanipiga kichwani, wala hakikuniumiza hata kidogo. Kilikuwa chepesi kweli, hilo nalishuhudia.

Gauni lilikuwa limenifunika uso, na kaptura ya Okelo ilikuwa nje kwa kila mtu. Mzee Ogola akageuka mara moja akatazama zizi la ng'ombe, na alibaki amelitazama.

"Okelo, mke wako amekufa?"

"Hapana, baba. Anaongea."

"Anasema nini?"

"Anamtukana kaka yake."

"Basi atapona. Leteni kile kiti cha Oyugis."

Kile kizito kikaletwa. Kipande cha kukanyagia kilikuwa kipana kama kitanda cha mtoto. Wakakifunga juu ya miti miwili ya kubebea, wakanilaza na mguu umefungwa kwenye ubao. Okelo akashika mbele kulia, Ouma mbele kushoto, Akoth nyuma. Ikabaki pembe moja, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Damu ilikuwa inadondoka kwenye ubao.

Mzee Ogola akaja kinyumenyume. Akashika ule mti bila kutazama, akasema, "Mimi nimebeba kiti. Kilicho juu ya kiti sikijui."

Alitembea hivyo mpaka barabarani, shingo imegeuka pembeni, hata akaingia kwenye ua wa katani akachomwa sikio. Hakuguna wala hakugeuka. Pale barabarani gari la mwenye duka mmoja likatuchukua mpaka hospitali ya misheni.

Daktari akaniuliza, "Umeangukaje?"

"Kutoka kwenye kiti."

"Mama, kiti gani kinavunja mfupa namna hii?"

"Kilikuwa juu ya mti."

Akaandika kwenye karatasi kwamba nimeanguka kutoka kitini. Wauguzi wakaja mmoja mmoja kunitazama. Kitanda cha pili alilala mama aliyeangushwa na lori, na aliniona mimi mtu wa ajabu.

Waliurudisha mfupa ndani, wakanifunga plasta. Wiki ya pili mguu ukaanza kunuka. Mwanzo nilifikiri ni yule mama wa lori. Kisha homa ikapanda, vidole vya mguu vikavimba vikang'aa kama biringanya. Wakakata dirisha kwenye plasta, na usaha ukatoka wa kujaza kikombe. Wageni wa kila kitanda wakakumbuka kwamba wana safari. Daktari akasema, "Tunautazama mpaka Ijumaa. Usaha usipokauka, tutakata chini ya goti, usije ukafa."

Hapo kicheko kiliisha. Nilikuwa na mtoto mmoja, na mto ulikuwa palepale na mlima wake. Mwanamke wa mguu mmoja angepandaje mlima ule na debe? Okelo alikaa pembeni ya kitanda, machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. Alisema angekibeba kile kizito kichwani, watu wacheke wanavyotaka.

Ouma naye akaja kunifariji. Akasema, "Dada, wakiukata usiogope. Nitakuchongea mwingine wa orindi. Mwepesi."

Nilimtupia kikombe cha uji. Kilimpata. Muuguzi akasema mgonjwa mwenye shabaha namna hiyo hajafika mwisho, akaniletea uji mwingine, na kwa hasira nikaumaliza wote. Tangu wiki iliyopita nilikuwa sijala kitu.

Kila siku walinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi na kunichoma sindano kwenye makalio mpaka nikashindwa kulala upande wowote. Niliomba nikiwa nimelala kifudifudi. Ijumaa daktari akainama akanusa. Muuguzi akanusa. Wakamwita dresa, yule mfunga vidonda, naye akanusa. "Tungoje Jumatatu," daktari akasema. Jumatatu nyama ilikuwa nyekundu, safi, na harufu imekwisha. Mguu ukabaki wangu.

Nilirudi nyumbani na plasta mpya iliyokaa miezi. Kunguni waliingia ndani yake. Nilijikuna kwa njiti ya ufagio mpaka njiti ikavunjika humo, na nikakaa nayo. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini, una magamba na nywele ndefu. Akoth akauliza kama wamenibadilishia. Nilijifunza kutembea kwa kushika kile kiti kizito, nakisukuma mbele uani, hatua moja, napumzika. Hakikutikisika hata mara moja.

Okelo alitimiza neno lake. Alibeba kiti mwenyewe, akapanda, akaua nguruwe mmoja mnene. Sisi hatukugusa. Moshi wa jikoni kwa Ogola ulituambia mengine.

Siku niliyopona naijua. Nilijitwika kile kiti cha Oyugis kichwani, vipande vyote viwili, nikatoka nacho mlangoni mpaka kwenye mti wa ober bila gongo. Mzee Ogola alikuwa amesimama na mbuzi wake. Hakunitazama. Akamwambia beberu, kwa sauti ya kufika mpaka kwangu:

"Kile kiti kinatembea vizuri leo."

Nilikitua kwa shida, maana macho yalikuwa yamejaa.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi walionusa bila kukunja uso, na namshukuru mzee yule, ambaye hakuwahi kunigusa mpaka tulipomzika. Ninyi mnaosoma mmelala na mguu uliofungwa: kuleni, hata kama ni kwa hasira, na kidonda kikinuka semeni mapema, msimsingizie wa kitanda cha pili. Na anayetaka kiti cha kupandia mti, chepesi kitafute, ni haki yako, lakini kwanza kibonyeze kwa ukucha. Kisha kifunge chini, kimo cha goti, ukiwekee gunia la mahindi kutwa nzima. Gunia likianguka halina mguu wa kuvunjika.

Pengine nimechanganya. Pengine Ouma alishika kulia na Okelo kushoto, na mbwa wa pili huenda hakuwa Dereva bali mama yake, Sungura. Akoth bado yuko Uriri na anakumbuka. Aliye karibu naye amuulize, anisahihishe. Ila habari ya kaptura nimeisema kama ilivyokuwa, na hapo sitaki msaada.