Salamu za Hamadi kwa Ami Seif

Najua wengine mtasema nnabuni. Semeni. Haya yamenikuta mwenyewe, papa hapa Maskati, jua likiwaka na akili zangu timamu.

Ami yangu Seif alikuwa mwimbaji. Ujanani, Unguja, walikuwa vijana wanne wakiimba roki na zile nyimbo za du-wap, sauti nne zinapandana bila hata gitaa, suti zao kashona fundi mmoja. Yeye ndiye aliyesimama mbele. Alipotoa santuri ikapigwa redioni, alijulikana mpaka Mombasa. Kisha akaacha ghafla, akahamia huku. Miaka yote aliyokaa mtaa wa Darsait sikumsikia akiimba, hata kwenye harusi ya mwanawe Zuwena. Ukimuuliza, anakwambia sauti imekwisha.

Siku moja baada ya alasiri nilimpelekea dawa. Nikamkuta kalala, nikamwachia Zuwena, nikashuka. Kwenye ngazi nikakutana na kijana kavaa koti jeupe na tai nyembamba. Joto lile, nani anavaa koti? Akanisalimia Kiunguja kitupu, sauti nzito mpaka niliisikia kifuani, akauliza kama Seif yupo. Nikamwambia amelala.

"Basi mwambie Hamadi hana kinyongo naye," akasema. "Mwambie aimbe."

Nikageuka nimwoneshe mlango. Ngazi tupu, na sikusikia hata kiatu. Nikajiambia kaingia kwa jirani. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwangu Ansab. Salamu zile nikaziweka, nikasema nitampa Ijumaa.

Alhamisi Ami Seif akafariki.

Msibani Zuwena alinionesha picha ya wale wanne. Nilimjua palepale, koti lile lile. Nikamuuliza huyu nani.

"Hamadi," akasema. "Ndiye aliyeimba sauti ya chini. Baba alipoitwa Mombasa kurikodi, Hamadi alikuwa mgonjwa, akamwomba amsubiri apone. Baba hakusubiri, alirikodi na wengine. Aliporudi, mwenzake keshazikwa. Mpaka anakata roho alikuwa akiniuliza kama Hamadi atamsamehe."

Nilimwambia ukweli. Tangu siku ile Zuwena hanisemeshi, wala simlaumu. Makaburini nimekwenda mara nyingi, nikamsomea Ami salamu zake kwa sauti. Wallahi, haisaidii.

Nawe unayenisikiliza, mtu akikupa maneno umpelekee mwenzio, hata kama humjui, hata yakionekana madogo, usiseme kesho. Rudi juu. Kama amelala, mwamshe.