Fimbo Isiyopinda

Niliamini kabisa kwamba samaki wa baharini akiona fimbo ya kuvulia imepinda, anajua mwenye fimbo ni mnyonge, anamcheka na kwenda zake. Aliyenifunza upuzi huo ni mwenye duka mmoja wa Kericho, ambaye maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona ni ya kuogeshea ng'ombe.

Basi wakwe waliponialika Kilifi, nilichagua fimbo kwake kama sisi wachuma chai tunavyochagua ile ya kulaza juu ya michai ili mchumaji asichume chini ya usawa wake: nyoofu na ngumu kama reli ya Kipkelion. Zile zinazonesanesa nilizisonya. "Hizi ni za kuchapia mbuzi!" Mwenye duka akanipigia makofi, mnafiki yule.

Wakwe niliwaahidi samaki wa chakula cha jioni. Kutwa nzima nilirusha kutoka ufuoni, na chambo kikaangukia vidole vyangu vya miguu hata kaa wakanihurumia. Mara moja tu kilifika majini, samaki mkubwa kama ndama akavuta, na mshipi ukakatika.

Shemeji yangu akajaribu kuipinda ile fimbo, ikakataa. Akaniambia:

"Shemeji, ya baharini lazima ipinde. Kupinda ndiko kunakorusha chambo mbali, na samaki akivuta, mshipi haukatiki. Leo tutakula maharagwe."