Mkeka Juu ya Mgongo wa Farasi

La, kumpanda sikumpanda. Usifungue mdomo, nakuona unataka kuuliza. Mimi nilikuwa wa kumkatia majani, kumchotea maji, na kumshika kichwa akianza ukorofi wake.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani. Mume wangu alisikia huko juu Uhehe kuna mzungu anafuga farasi na anatafuta watu. Tukatoka kwetu Mwaya, kando ya ziwa, kwa miguu, tukapanda milima siku nyingi mpaka nchi ya baridi, ambako mgomba hauoti na ukimshukuru mtu kwa kumwambia ndaga anakutazama tu. Kiswahili sikujua hata neno. Mwalimu wangu alikuwa msimamizi wa banda, mtu wa pwani, anavaa kanzu nyeupe kwenye mavi ya farasi na haichafuki. Anaongea kama ana asali mdomoni: "Taratibu, mwanangu, taratibu. Inua mguu. Haya, geuka." Alikuwa anamwambia farasi, na mimi ndiyo nikayashika hayo hayo. Siku mke wa bwana alipokuja kutusalimu, nikapiga magoti kwa adabu zote, nikamwambia inua mguu, geuka. Akageuka, maskini.

Nilipapenda. Nyumbani ningekuwa nalima mpunga wa mama mkwe mpaka mgongo upinde. Huku kulikuwa na farasi jike mwekundu, hakubali kushikwa na mtu ila mimi. Alikuwa na mimba, na watoto wawili wa kwanza walimfia. Bwana akaniita, anaongea puani: "Wewe, mama. Toto hai, wewe kaa hapa siku yote. Toto kufa, wewe kwenda."

Basi nani akatokea? Baba mkwe. Alikuja kumwona mwanawe, akaona farasi, akasahau njia ya kurudi. Akaomba kazi, akapewa.

Nyie wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu sisi mwanamke na baba mkwe wake hawaonani kabisa. Wakikutana uso kwa uso, basi, wote warudi nyumbani, ng'ombe achinjwe, wazee wakae wayaseme. Nikaishi kwa kujificha. Msimamizi akimwona mzee anakuja anaimba, "Mkwe huyooo," mimi nazama kwenye majani makavu. Hata bwana alijifunza, anakohoa mara mbili nje ya banda. Farasi naye akisikia kikohozi ananisogezea tumbo nijifiche. Hilo la farasi nimetia chumvi kidogo.

Siku ya kuzaa, jua la mchana, mtoto akakaa vibaya tumboni. Bwana anazunguka banda, anang'ata kofia yake. Aliyejua kugeuza ndama tumboni alikuwa mmoja tu, baba mkwe. Aliyeweza kumshika yule farasi kichwa naye mmoja tu. Msimamizi akafikiri, akaleta mkeka wake wa kulalia, akautundika toka kwenye boriti mpaka mgongoni kwa farasi. Mimi mbele na kichwa, mzee nyuma, mkono umezama mpaka begani. Chini ya tumbo nikaona miguu ya mzee. Nikafumba macho.

Mzee akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mwambie huyo ashike kichwa sana."

"Bibi, unaambiwa ushike kichwa sana."

Kwani mimi kiziwi? "Mwambie nimeshika."

"Mzee, anasema ameshika."

Tukaenda hivyo, kila neno linapita kwa msimamizi, jasho linamtoka kama ndiye anayezaa. Mara mtoto akateleza, puu, miguu mirefu kama buibui, akapiga chafya. Banda zima vigelegele. Mume wangu anacheza kwenye matope, mimi nacheka nalia, nimeshapata pa kukaa. Bwana furaha ikampanda kichwani. "Wote! Wote kuona toto!" Akavuta mkeka, ukaanguka.

Tukatazamana. Mzee ana damu mpaka shingoni, na mimi kicheko bado kiko mdomoni. Akageukia ukuta, akamwambia msimamizi, polepole, kama mtu anayeagiza maji ya kunywa:

"Mwambie afunge mizigo."