Niliyemtafuta Ndani ya Disketi

Ndugu zangu, kwa aibu hii sina wa kumsingizia, ingawa nilijaribu.

Enzi za Zaire nilikuwa fundi wa kompyuta katika ghala la dawa, hapa mtaani Kasuku. Mashine ilikuwa moja yenye skrini mbili, yangu na ya Mama Zaina, mwandishi wetu. Siku hiyo disketi ya orodha ya dawa ilitakiwa kwenda na ndege ya mchana. Nilipoiamuru mashine iiachilie, ikakataa: disketi bado inatumika.

"Mama Zaina, njo wewe iko unaikalia," nikasema mbele ya mukubwa wetu, nikimtupia yeye kosa. "Funga kazi yako."

Akafunga. Mashine ikakataa tena.

Hapo nikataka kujionyesha. Nikamweleza mukubwa kwamba kuna mafaili yasiyokuwa kwenye diski yoyote. Mashine inayaandika yenyewe papo hapo ukiyafungua. Humo kila programu inayofanya kazi ina namba yake, na pahali ilipokaa panaonekana.

"Mwenye kosa tutamuona sasa hivi," nikasema.

Nikayafungua. Programu moja tu ilikuwa imekaa ndani ya disketi. Mukubwa akainama, akasoma polepole jina la mwenye programu hiyo. Lilikuwa langu. Asubuhi niliingia humo kukagua orodha, nikasahau kutoka.

Mukubwa alicheka mpaka akakaa chini, nami nikashindwa kujizuia, nikacheka naye. Mama Zaina alitabasamu tu.

"Baba Salumu," akaniambia, "toka kwanza, kisha njo ufunge mulango."