Mlango wa Mto Hauuzwi

Swaumu Bashiri aliwapikia watu wa malori kwa mwaka mzima na zaidi, kisha siku moja akawafungia jiko.

Kibanda chake kilikuwa upande wa Keresi, pale mto wetu wa mchanga unapoingia ziwani. Ziwa lenyewe ni la msimu. Mvua zikikolea hujaa mpaka matete yanabaki vichwa tu. Kiangazi hupungua likabaki dimbwi la katikati, kambale wakajichimbia kwenye tope. Ng'ambo ya mto ni Chilanga, kijiji cha Wagogo wenye ng'ombe. Keresi ni Warangi, watu wa mahindi na alizeti. Maji ni yaleyale, lakini salamu hapakuwa. Zamani walipigana kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani, na Athuman, mumewe Swaumu, akatoka pale na mkono uliovunjika. Mpaka leo haunyooki.

Malori yalikuja kwa sababu Dodoma inajengwa na mchanga wetu ni safi. Wachimbaji hawakuhangaika kwenda mbali. Walichota mlangoni kabisa mwa mto, ambako mchanga umelala mwingi. Swaumu aliwapikia wali na maharage, ugali na kambale. Hakuona ubaya. Watu wakifanya kazi lazima wale.

Kiangazi kilichofuata visima vya mchangani viligoma. Zamani ulifukua kwa mikono, maji yakaja. Sasa wanawake walichimba mpaka mtu akazama mabegani, na chini wakakuta udongo mkavu, maana mchanga uliokuwa ukishika maji ulikwisha kupakiwa malorini. Asubuhi moja Naima, binti mkubwa wa Swaumu, alikuwa ndani ya shimo kama hilo ukingo ulipoporomoka. Mchanga ukamfunika mpaka shingoni. Mamake alifukua kwa sufuria huku akiita watu, na waliokuja mbio ni wapakiaji wa malori, na makoleo yao. Walimtoa binti akiwa hai, anatapika mchanga.

Siku ile Swaumu aliwapakulia chakula kama kawaida. Walipomaliza akasimama mbele yao.

"Mmeniokolea mwanangu, Mungu awalipe. Lakini shimo lile mmelichimba ninyi na mimi nikiwalisha. Kesho msije hapa."

Hashimu, msimamizi wao, alikuwa anachokonoa meno. Hakukasirika. "Mama Naima, uzime jiko, usizime, mchanga utaondoka. Wenzenu wa Chilanga wamekubali siku nyingi."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Alijifunga kanga ya pili kiunoni akaanza kuvuka mto. Athuman alimkuta njiani.

"Unakwenda kwa watu walionivunja mkono?"

"Nakwenda kuwauliza kwa nini wameuza maji ya watoto wangu."

"Ukivuka, usirudi na maneno yao nyumbani kwangu."

Akavuka.

Alimtafuta Dorkasi Matonya, mama anayeongoza wanawake wa Chilanga katika kupiga ngoma za muheme, mtu ambaye sauti yake husikika mpaka kwetu siku za harusi. Alimkuta uani anapeta mtama.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi wa malori."

"Nilikuwa. Nimekuja kuuliza, mama. Mlango wa mto mmeuuza kwa ruhusa ya nani?"

Dorkasi aliweka ungo chini. "Sisi? Sisi tuliambiwa Keresi ndio mmeuza. Nami nikaamini, kwa sababu kila nikitazama ng'ambo naona moshi wako."

Walitazamana. Kisha Dorkasi akamvutia kigoda. Walikaa pale mpaka mbuzi waliporudi, na kilichozungumzwa tulikijua Jumatatu.

Jumatatu hiyo, malori yalipoteremka kutoka barabara kuu, yalikuta mafiga matatu katikati ya njia na sufuria ya makande inachemka juu yake. Swaumu amekaa nyuma ya jiko, anakoroga. Kulia kwake wanawake wa Keresi. Kushoto wanawake wa Chilanga, ngoma zimebanwa mapajani, wanapiga. Dereva wa kwanza akapiga honi. Ngoma zikaongeza.

Hashimu alishuka. "Nitaleta askari."

"Walete," alisema Swaumu. "Makande yanatosha."

Wanaume wakaanza kufika, wa huku na wa kule, kila kundi limesimama kwake. Ibrahimu, mwenyekiti wetu, alikuja amenuna. Alimtaka Swaumu aondoe jiko na amwombe radhi mgeni, kijiji kisiingie matatani.

"Sitaomba radhi," alisema Swaumu, bila kuinuka. "Mwenyekiti, nikuulize mbele ya watu. Chilanga walikubali lini?"

"Hashimu aliniambia wamekwisha kubali, kwa hiyo tukikataa tutakosa malipo sisi peke yetu."

Bartolomayo, mwenyekiti wa Chilanga, alikuwa ameegemea fimbo yake upande wa pili. Akasema polepole, "Mimi aliniambia hivyohivyo. Kwamba ninyi mmekubali."

Ngoma zilinyamaza zenyewe. Watu wote wakageuka kumtazama Hashimu, naye akapanda lori la mbele. Malori yakarudi kinyumenyume mpaka yalipopata pa kugeuzia.

Mkutano ulifanyika palepale njiani, wa kwanza wa vijiji viwili tangu vita vile. Ulikuwa na matusi mengi. Walikubaliana kwamba mlangoni hapachimbwi, ng'ombe hawaingii kwenye matete samaki wanapotaga, na ulinzi ni wa zamu, mmoja wa Keresi na mmoja wa Chilanga. Wenyeviti wakaenda wilayani pamoja. Walirudishwa mara ya kwanza, wakaenda tena, na wanawake wakaendelea kupika njiani mpaka afisa alipokuja kuona kwa macho yake na kupiga marufuku uchimbaji pale.

Si kwamba yote yamepona. Ukingo wa Keresi umemong'onyoka, na mvua zilizofuata zilichukua shamba zima la alizeti. Biashara ya Swaumu ilikufa. Athuman alikataa zamu za ulinzi mpaka mvua zikaisha. Siku hizi huenda, na mara nyingine hupangwa na yule aliyemvunja mkono. Hawazungumzi. Hutembea ukingoni, mmoja mbele, mwingine nyuma, na wamekwisha fukuza malori mawili.

Mwaka huu alikuja wakala mwingine wa mchanga, kijana mpole, akaahidi mkutanoni mabati ya msikiti kwetu na mabati ya kanisa ng'ambo. Wazee walianza kutazamana. Swaumu aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Msikiti wetu unavuja, ni kweli," alisema. "Tutaswali tukilowa. Mwanangu, njia ya kurudi lami ni ile. Nenda kabla jua halijawa kali."

Ng'ambo, kesho yake, Dorkasi alimjibu kijana huyo kwa Kigogo. Kijana hakuomba atafsiriwe, akashika njia ya lami.