Ukuta wa Mbele Usiguswe

Mgeni alifika kwetu Kasongo na pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kinshasa, anasomea anthropolojia ya sanaa. Yaani, alitueleza, kuchunguza namna watu wa kila pahali wanavyotengeneza vitu vya kupendeza, na kwa nini. Alikuwa ametoka Kabambare kutafuta vinyago vya kale. Kule wenyeji, Wamaza, walimwonyesha viti vyao vipya vya plastiki. Basi alikuwa na njaa ya sanaa, na mwenye njaa hachagui. Akasimama mbele ya nyumba yetu, akavua kofia.

Ukuta ule nilikuwa nimeupaka mimi, binti mdogo wa nyumba. Kwanza udongo mweupe, halafu mistari myeusi ya unga unaotoka ndani ya pile, betri za tochi zilizokufa. Mchoro niliuokota kwenye matope baada ya mvua: alama za tairi za pikipiki zinazokwenda Salamabila. Nyumbani hakuna aliyewahi kuusifu. Dada yangu mkubwa alisema tu nimechafua ndoo.

Mgeni alimuuliza bibi, kwa sababu bibi ndiye mwenye mvi.

“Bibi, hii mistari iko na maana gani?”

“Ya kupendezesha, mwanangu.”

“Lakini zamani, kwa mababu?”

“Mababu nao walipenda kupendeza.”

Akaandika, akaandika. Sijui majibu mafupi vile yanazaaje maandishi marefu vile. Kisha akatusomea: mistari ni mto Lualaba, na yale meno-meno ni roho za wafu zikivuka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ningetoka niseme ni tairi. Lakini mimi hata nikiitwa ubaoni najifanya sikusikia. Nitaanzia wapi kusahihisha roho? Na kusema kweli nilifurahi. Miaka kumi na sita tu, na tayari mimi ni mababu.

Kabla ya kuondoka akaomba ukuta usiguswe mpaka arudi na profesa wake. Bibi akakubali. Mgeni hanyimwi neno.

Shida ni kwamba Idi ilikuwa karibu. Mtaani kwetu kila nyumba hupakwa upya kwa Idi, na mchoro wa zamani unazikwa chini ya udongo. Nyumba isiyopakwa iko na msiba. Na siku ya pili ya Idi, watu wa mchumba wa dada walikuwa waje kuona binti anatoka nyumba ya namna gani.

Jirani yetu ndiye alikuja wa kwanza, sahani ya unga mkononi, uso tayari wa kilio.

“Poleni, jamani. Nani ametutoka?”

“Hakuna mutu amekufa,” dada akasema. “Ukuta unangoja profesa.”

“Na wakwe nao watangoja profesa?”

Dada alimpa kisogo. Alinijia mimi.

“Wewe, chagua. Ukuta wako ama ndoa yangu.”

“Na profesa akikuja?”

“Akuoe wewe!”

Niliukanda udongo mwenyewe. Dada alitaka kusaidia, nikamkatalia. Kama ni kuzika, nizike mimi. Nilianza na kona iliyotoka vizuri kuliko zote, ili niache kuitazama. Ukuta ulipokauka nikachora upya, safari hii nikifuata misuko ya nywele za dada. Wakwe wakaja, wakala pilau, wakatazama ukuta, wakasema hii nyumba iko na mikono. Mahari ikazungumzwa siku ileile.

Wageni wangu, mwanafunzi na profesa wake, walifika Idi imeshapita. Mwanafunzi alishika kichwa.

“Bibi! Nani ameharibu?”

Sijui miguu ilinitoa vipi mpaka nje.

“Ni mimi,” nikasema.

“Na ile ya kwanza, ya mababu?”

“Mimi pia. Ilikuwa tairi.”

Alitazama sare yangu ya shule, akatazama ukuta, akatabasamu namna watu wanavyotabasamia mtoto aliyesema amemwona simba. Akamgeukia bibi: “Huyu alifundishwa na mukubwa gani?” Profesa alishatoa kamera. Wakampanga bibi mbele ya misuko ya dada, naye akanyoosha kitenge chake vizuri.

“Mademwazeli,” profesa akaniambia kwa upole sana, “sogea kidogo. Unaingia kwenye picha.”

Nikasogea.