Mguu Uliochuliwa kwa Mafuta ya Nazi

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kitunguu thomu, mguu wangu wa kulia huamka wenyewe. Msinicheke. Mguu huu umenilisha misimu tisa, nikilipwa kupiga mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai. Vyeti sina, skuli niliiacha mapema. Mguu ninao.

Tulikaa Stratford, huku kwa Waingereza, ghorofa ya nne. Baba, aliyetoka Unguja na mama, dada zangu wawili na begi moja baada ya mapinduzi, aliendesha basi. Watoto wa mtaani walinifukuza kwenye kandanda kwa sababu kila nikipiga, mpira ulikwenda mbinguni. "Wewe unacheza na ndege," wakinizomea. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, Mmarekani mmoja aliyefundisha vijana bustanini akauona mpira wangu ukipita juu ya miti. Akanipa yai lake. Nililiachia mikononi, nikalipiga kabla halijagusa ardhi. Yule bwana akavua kofia, akabaki anatazama juu.

Taabu ilikuwa Baba. Mechi zilikuwa Jumapili, saa zangu za chuoni, kusoma Kurani.

"Nitakuja nione mara moja," alisema. "Ikiwa ni upuuzi, unarudi kwa maalim wako."

Asubuhi ile alinichua mguu kwa mafuta yale mpaka ukang'aa kama kiatu.

Basi nikakaa benchi karibu mechi nzima. Kila nikimtupia jicho Baba, anatazama saa. Mwishoni tulikuwa mbele kidogo, lakini tumebanwa karibu na mstari wetu, wenzangu wameshindwa kusogea hata hatua. Hapo ndipo huitwa mpigaji, aupeleke mpira mbali, wapinzani waanzie huko. Nikaingia, kijana mmoja mnene kama friji ananijia mbio, nikapiga. Wallahi, mpira ulipanda mpaka uwanja ukanyamaza, ikabaki sauti moja tu, ya Baba, akihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ulipoanguka, kule mwisho kabisa, wenzangu walishafika kuusubiri. Tukashinda.

Tukarudi kwa basi, siku hiyo Baba akiwa abiria.

"Hebu nambie tena. Wewe unaitwa wenzio wakishashindwa?"

"Yes, Dad."

"Hufungi goli. Unawasogeza tu mbali na hatari?"

"That's it."

Akaniuliza mara ya tatu, kisha akageukia dirishani mpaka kituo chetu. Nilidhani ana usingizi. Wiki ile ile akaenda kwa maalim, chuo changu kikawa Jumamosi.

Baadaye nilipiga mbele ya maelfu, wakasimama kunishangilia. Nikaoa, nikanunua nyumba Harrow, nikapata watoto wa kuwahofia. Ndipo nilipofahamu kwamba Baba, mle ndani ya basi, hakuwa akiuliza habari za mpira.

Huwaambia watu hakuna aliyepiga mbali kuliko mimi. Nasema uongo. Yupo mmoja, aliyewasogeza watu wake kutoka Unguja mpaka Stratford, kisha akaenda kukaa nyuma ya usukani, na hakuna aliyempigia makofi.